Dkt. Verediana Nyabenda, Aliyeogopa Vumbi

Dkt. Verediana Nyabenda alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa Simbo, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Theophil Nyabenda, aliyehamia kutoka Burundi mwaka 1972, na Mama Rozalia. Tangu utotoni alikuwa mwoga, na familia haioni haya kulisema. Aliogopa radi, aliogopa nyoka, na kuliko vyote aliogopa giza la ghala la mahindi. Mama alikuwa akimsukuma mgongoni kwa kiganja na kumwambia, “Ntutinye, mwanangu,” yaani usiogope. Aliingia huku analia, lakini aliingia.

Alisoma shule ya msingi hapa Simbo kuanzia 1989 hadi 1995, sekondari mjini Kigoma na Tabora, na mwaka 2006 alipata shahada ya fizikia Dar es Salaam. Alirudi kufundisha Kigoma. Huko alikutana na mhandisi wa maji kutoka Moshi, Bwana Rodgers, wakafunga ndoa tarehe 8 Agosti 2009. Mungu aliwajalia binti mmoja, Erica.

Kazi yake ndiyo iliyozua maneno, kwa hiyo tuieleze vizuri. Kuanzia 2013 hadi 2024, kwanza kama mwanafunzi wa uzamivu, alifanya kazi Ulaya katika maabara iliyochimbwa chini ya mlima. Humo kuna tangi la argoni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kama maji. Wanasubiri maada giza, kitu kisichoonekana ambacho wanasayansi wanaamini kimejaa ulimwenguni, kiiguse argoni na kuwasha mwanga mdogo sana. Shida ni kwamba karibu kila kitu duniani kina mionzi kidogo: jiwe, vumbi, ndizi, hata mwili wa mtu. Mionzi hiyo nayo huwasha mwanga, wa uongo, na wenyewe huuita kelele. Argoni ya hewani ina kelele zake, ndiyo maana walitafuta ile iliyofichika chini kabisa ya ardhi. Verediana alipima kila bolti na kila waya kabla havijaingia, na alivikataa vingi. Kwa ufupi, kazi yake ilikuwa kuikimbia mionzi.

Mwaka 2019 mwanga mmoja ulionekana, na wenzake wakaanza kupongezana. Yeye aliogopa. Alirudia vipimo majuma sita mpaka akagundua kuwa ni vumbi kwenye bolti aliyoipitisha yeye mwenyewe. Aliwaambia wote, kisha akampigia simu Mama akilia. “Nilikaribia kuwadanganya watu, Mama,” alisema.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Januari 2025 alirudi nyumbani kwake Bangwe. Madaktari walisema haikutokana na kazi, na kipimo cha mionzi alichovaa kifuani miaka yote hakikuwahi kuonyesha hatari. Maneno yalitembea hata hivyo, kwamba mwili wake umejaa mionzi na atakayemgusa ataipata. Mtu mmoja wa familia alimtengea kikombe, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake, na akawa anakiosha peke yake nje kwa majivu. Mgonjwa alikiona.

“Umekipima?” alimuuliza.

“Sijakipima, dada.”

“Mimi mwoga kuliko wewe. Lakini napima kwanza.”

Alifariki tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Alikuwa amenyoosha mkono ashikwe. Mdogo wake alibaki mlangoni, na Mama ndiye aliyeushika.

Marehemu ameacha mama, Rozalia; mume, Rodgers; binti, Erica; na mdogo wake mmoja, Bonaventura.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Nimeyaandika leo asubuhi, baada ya kina mama wa jumuiya kuishia mlangoni, na Mama na Erica kumwosha marehemu peke yao. Aliyefunga uzi ule ni mimi, Bonaventura. Aliyebaki mlangoni ni mimi. Naogopa hata sasa.

Mmesimama kule kwenye mihogo, mbali na jeneza. Siwalaumu, kwa sababu niliwatangulia. Lakini mwaka 2018, akiwa likizo, dada alichota udongo wa shamba hili, hapa hapa tulipochimba kaburi, akaenda kuupima. Aliniandikia hivi: “Bona, kilo kwa kilo, udongo wetu una kelele kunishinda mimi. Usimwambie Mama, ataacha kulima.” Nilicheka siku ile, kisha nikasahau. Udongo huo tumeupalilia miaka yote bila viatu, na leo mtautupia kaburini kwa mikono mitupu. Kama huo hatuuogopi, basi tumemwogopa dada yangu bure, naye alikufa akijua kwamba namwogopa.

Jeneza bado halijafungwa. Mama, naomba usogee uniwekee kiganja mgongoni kama ulivyomwekea yeye. Nakwenda kumshika mkono.

Dada, Mungu akupe ukimya ulioutafuta.