Mzee Ganya na Milango ya Wabera

Salaam aleikum, na habari zenu, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Mzee Ganya Dadacha, mwenye plot ya vyumba vya kupanga mtaani Wabera, hapa Isiolo. Mzee Ganya, aliyekuwa aking'oa milango.

Nisimpambe. Alianza kwa kuuza mbuzi soko la Oldonyiro, akajenga vyumba, akapangisha. Kodi ikichelewa, hakugombana na mtu. Alikuja kimya, akauinua mlango wa chuma kutoka kwenye bawaba, akaubeba begani mpaka kwake. Nilipanga pale nikiwa kijana. Nimelala nimetundika shuka pale mlango ulipokuwa, na upepo wa Isiolo mnaujua.

Kisha redio ikaanza kueleza sheria mpya ya nyumba za kupanga inayopendekezwa. Mpangaji asitolewe bila notisi. Asing'olewe mlango. Mke wa mzee, Mama Dahabo, aliniambia, "Alizima redio kwa hasira. Akazunguka boma. Akarudi akaiwasha."

Sheria haikuwa imepita, na mpaka leo bado. Mzee hakuingoja. Alimleta fundi wa kuchomelea, akamwonyesha bawaba za kila mlango. "Choma hapa," akasema. "Choma hata mimi nikikasirika nisiweze kuinua."

Fundi alipomaliza, mzee aliwaita wapangaji uani, na mwanawe Abdighani akiwepo. Chai ikamiminwa. Wakakubaliana mbele ya wote: anayetaka kuhama aseme mapema, na mwenye nyumba akitaka chumba chake naye aseme mapema. Mama Nakuam, mpangaji aliyewahi kung'olewa mlango mara mbili, alicheka wazi. "Mzee, na ukifa?"

"Huyu kijana amesikia," mzee akajibu.

Wasikilizaji, Mzee Ganya alifariki wiki jana, akazikwa siku hiyohiyo. Na Mama Nakuam akaogopa. Plot sasa ilikuwa ya Abdighani, na Abdighani, alipokua, ndiye aliyekuwa akimsaidia baba yake kubeba milango. Maneno ya chai yanashikwa na nani? Mama akafunga vyombo kwenye gunia. Watoto wake wangeenda wapi, hakujua.

Matanga yalipoisha, akasikia mtu nje.

"Hodi, Mama."

Alikuwa Abdighani. Mama Nakuam anasema miaka yote aliyokaa pale, hakuna mtu wa ile familia aliyewahi kupiga hodi. Walikuwa wanaingia tu. Akafungua mlango kidogo. Abdighani alikuwa amesimama kando, hajakanyaga kizingiti.

"Naona umefunga mizigo. Unahama?"

"Si wewe ndio umekuja kunitoa?"

"Mimi? Nimekuja kukuambia ukae. Yenye tuliongea na baba ni hiyo tu. Siku nikitaka nyumba nitakuambia mapema, na mamangu akiwa hapo."

Mama Nakuam aliniambia, "Nilikaa juu ya lile gunia nikacheka mpaka nikalia. Halafu nikatoa sufuria, nikapika."

Nami nilipumua, wasikilizaji. Nilifurahi sana.

Kwa Mama Dahabo, kwa Abdighani na familia yote, poleni. Mola amrehemu mzee wetu. Na wewe mwenye plot unayenisikiliza, labda unasema sheria ikija utajipanga. Fikiria huyu mzee. Kesho ukienda kwa mpangaji wako, piga hodi. Halafu usimame hapo nje, ungoje akufungulie.