Solange Vernhes na Wanawake wa Ghorofa ya Tatu

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Paris, poleni na safari. Padri amenipa dakika saba kwa sababu ana maziko mengine saa tisa, nami sina nguvu za kuzidi hapo. Mimi ni Josiane, binti wa kaka yake marehemu, niliyekaa naye miaka minane ya mwisho. Karatasi mlizoshika zilichapwa Jumatano. Kuna mambo ya jana ambayo hayamo, nitayasoma tu.

Marehemu Solange Marie Vernhes alizaliwa hapa Millau tarehe 14 Februari 1936. Alikuwa mtoto wa pili wa Urbain Vernhes, mkataji wa ngozi za glavu, na mkewe Léonie, aliyezishona glavu hizo nyumbani kadiri macho yalivyomruhusu. Wa kwanza alikuwa baba yangu Gaston, mtu ambaye hakujali nguo maisha yake yote, na tulimzika na suruali ya kazini kwa ombi lake.

Alisoma shule ya masista hadi mwaka 1950. Hesabu zilimshinda, na ripoti moja inasema kwamba mtoto huyu hutazama mikono ya watu badala ya ubao. Alipokuwa na miaka tisa alifumua koti la Jumapili la mama yake ili ajue kwa nini linapanda lote mtu akiinua mkono. Bibi akaenda misani na shali.

"Wewe mtoto una nini? Parokia nzima imenitolea macho!"

"Mama, kwapa lilikatwa vibaya."

Alichapwa. Kisha babu akalirudisha koti lile, akatia kwapani kipande kidogo kama kile kinachoshonwa katikati ya vidole vya glavu, na bibi akalivaa miaka kumi na miwili mingine bila kulalamika.

Septemba 1953 alikwenda Paris, akaingia karakana ya mavazi kama mwanafunzi wa ufundi. Mwaka wa kwanza kazi yake ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Aliyemfundisha kushika sindano ni Fernande Le Bihan, Mbretoni wa kaskazini-magharibi ya nchi, aliyemzidi miaka miwili na maneno elfu. Mwaka 1964 marehemu alipofungua nyumba yake ya mavazi katika mtaa wa Saint-Roch, Fernande alipanda naye ghorofa ya tatu, akawa fundi mkuu wa karakana ya wanawake kumi na saba, naye akiwemo.

Mnajua kilichofuata, magazeti ya wiki hii yameandika. Januari 1966 alionyesha makoti ishirini na manane, yote yakiwa na kile kipande cha babu kwapani. Mwanamke aliweza kusimamisha teksi bila koti kumpanda hadi kiunoni. Mwandishi mmoja alipouliza koti hilo limekusudiwa kazi gani hasa, Fernande alijibu kutoka nyuma ya pazia: "Kumpiga kofi mjinga anayeuliza maswali." Leo mkono ule wa koti unakatwa duniani kote na watu wasiojua ulitoka kwenye glavu za Millau.

Alifunga ndoa na Armand Teissier, muuza vitambaa vya sufu, tarehe 3 Juni 1961. Mabinti wa karakana wana desturi ya kushona unywele wao ndani ya pindo la gauni la bibi harusi ili nao wapate mume. Wake ulishonwa Januari, Armand akatokea Machi. Fernande alishona nywele zake miaka kumi na moja bila mafanikio, akasema kosa lilikuwa la magauni. Marehemu na Armand hawakujaliwa watoto. Walipendana bila makelele, na Armand alifariki mwaka 1988.

Baada ya hapo alichoka. Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini aliniomba nisiparuke.

Jumatatu, tarehe 25 Novemba 1991, aliuza nyumba yake ya mavazi pamoja na jina lake. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Katarina, siku ambayo kila karakana Paris huwatengenezea kofia za kijani na njano wasichana waliofika miaka ishirini na mitano bila kuolewa. Asubuhi alitia saini ghorofa ya chini. Mchana alipanda ya tatu, akamvika kofia binti wa mwaka ule, akanywa divai nyeupe na wanawake wake, akacheza. Mkataba ulikuwa kwenye mkoba wake. Hakusema neno. Wanunuzi walikuwa wamemwahidi kwa mdomo kwamba karakana haitaguswa, naye, binti wa mkataji ngozi, aliamini mdomo. Machi iliyofuata barua zikafika kwa posta, na wote kumi na saba wakaachishwa kazi ndani ya wiki moja.

Fernande alimpigia simu mara moja tu. "Ulicheza na sisi," akasema, akakata.

Marehemu alirudi hapa Millau. Alishonea majirani nguo zisizo na lebo, kwa sababu jina lake halikuwa lake tena. Kila tarehe 25 Novemba alimwandikia Fernande kuomba msamaha. Barua thelathini na tatu, na hakuna iliyojibiwa. Alipopata kiharusi mwaka 2017, mkono wa kulia ukafa, nikawa naandika mimi.

"Shangazi, mtu amenyamaza miaka yote hii. Tumwache."

"Andika, Josiane."

"Niandike nini kipya?"

"Hakuna kipya. Andika yale yale."

Niliandika huku nimenuna, nisije nikadanganya mbele ya jeneza. Kumlisha, kumgeuza, kumwogesha, hayo niliyazoea. Barua zilinichosha kuliko yote, maana nilimwona akimsubiri tarishi hadi Krismasi. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, baada ya homa ya mapafu ya siku sita. Nilikuwa jikoni nachemsha maziwa.

Kampuni iliyolinunua jina lake ilileta gauni jeusi lenye jina hilo ili azikwe nalo, ikaomba na picha. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikakubali, akavikwa.

Jana mchana kengele ya mlango ililia. Wanawake watano, mikongojo mitatu. Nilikuwa nimempigia Fernande simu kumpa taarifa, naye akakata. Sasa alikuwa mlangoni kwangu, ana miaka tisini. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akageuza ukosi, akaiona lebo.

"Mvueni."

"Bi Fernande, kampuni watakuja kupiga picha..."

"Binti, mimi nimevalisha watu tangu kabla hujazaliwa. Koti lake jeupe la kazi liko wapi?"

Wakamvika lile. Iliwachukua saa nzima, wakigombana kuhusu vifungo. Mmoja alikuwa analia. Nikamuuliza Fernande kama barua alizipata.

"Zote. Nimezisoma zote."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Hapana." Akaichukua karatasi hii mezani, akaisoma hadi mwisho, mahali palipoandikwa kwamba marehemu ameacha mpwa mmoja. "Mpwa mmoja? Na sisi?"

"Nimwandike nani, Bi Fernande? Wewe hujamsamehe."

"Kusamehe ni shauri langu. Wewe andika. Na uandike kwa mpangilio wa meza, kama tulivyokaa."

Nimeandika. Marehemu ameacha mpwa, Josiane Vernhes. Ameacha pia Fernande Le Bihan, fundi mkuu; Odette Marchal na Yvonne Sabatier, meza ya kwanza; Ginette Kowalczyk, meza ya pili; na Nadège Perrin wa meza ya mlangoni, aliyevikwa kofia mwaka ule wa 1991. Kumi na wawili wamemtangulia.

Wako benchi la mbele, upande wa familia. Msamaha aliouomba hakuupata, ila hao wamekuja. Shangazi, tarishi hatakuja tena. Lala.