Kila Mtu Asome Mwenyewe

Sogezeni hivyo viti, wanangu, mkae karibu, kwa kuwa sauti yangu siku hizi haifiki hata ukutani, na haya ninayoyasema leo sina pumzi ya kuyarudia. Mkubwa, zima hiyo simu. Kitindamimba, acha kunipepea, sisikii joto. Na wewe wa kati, toka hapo mlangoni uje ukae hapa kitandani, upande wa miguu, maana ukisimama hapo naona kama unataka kutoroka, na najua unataka. Fundi viatu, jirani yangu wa miaka yote, wewe andika ninavyosema, usinipambe, na nikikosea andika hivyohivyo.

Vya huku juu havina maneno mengi. Vyumba hivi viwili na vyombo vyake ni vya mkubwa, kwa sababu ana watoto wengi na mke mvumilivu. Cherehani zote tatu, mikasi, na mitambo ya kushonea vifungo ni vya kitindamimba, ambaye anajua kazi hii kuliko mimi ingawa anaongea mpaka wateja wanasahau walichofuata. Kwa hayo sitaki kusikia mtu akinung'unika. Kinachotugombanisha ni chumba cha chini, na mnajua kwamba leo ni Jumamosi, na sasa hivi ni saa tisa na nusu, na watu wangu huanza kufika saa kumi.

Mkubwa, nitakusema mbele ya wenzako, univumilie. Juzi ulibadilisha kufuli la chini bila kuniambia. Ulidhani nimelala. Nilikusikia unapiga nyundo, na nikamsikia yule mwenye duka la simu akikuuliza kama madirisha yanafungika vizuri. Mwanangu, mimi bado napumua na wewe umeshampangisha chumba changu. Weka huo ufunguo hapa juu ya shuka. Uweke, nasema. Haya, ahsante.

Sasa nisikilizeni niwaambie chumba kile kilianzaje, kwa sababu nyinyi mmekikuta kipo na mnadhani kilikuwa mchezo tu wa mama yenu. Alikuja mlinzi mmoja hapo chini nilipokuwa nikishonea, suruali yake imechanika na ndiyo hiyo tu aliyokuwa nayo, nikamwambia akae nyuma ya pazia niishone hapohapo. Mfukoni nikakuta karatasi zimekunjwa. Nikamuuliza ni nini, akasema ni vitu anavyoandika akiwa zamu, havina maana. Nikamwambia nisomee basi, nishone huku nasikia. Akasoma, bila suruali, nyuma ya pazia, na mimi nikashona mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine kwa sababu sikuwa naona vizuri kwa machozi. Jumamosi iliyofuata akaja na mwenzake. Ndiyo asili yake, hakuna nyingine.

Wakaja wengi baada ya hapo. Mama anayefua nguo za watu, kipofu anayesoma kwa vidole, aliyetoka jela, waliokimbia kwao na kuandika kwa lugha ambayo mtaa mzima hakuna anayeielewa. Ukumbi mkubwa wa mjini haukuwataka, wengine waliambiwa wazi, wengine waliambiwa kwa tabasamu. Tulisukuma meza za kukatia mpaka ukutani, tukapitisha sumaku sakafuni tuokote sindano mtu asije akachomwa, tukapanga mabenchi, na majina yakaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa vipimo. Nikaweka masharti mawili tu. La kwanza, asiulizwe mtu ametokea wapi kabla hajaulizwa juu ya alichosoma. La pili, kila mtu asome mwenyewe, kwa mdomo wake, hata kama hatuelewi neno, hata kama tutakaa mpaka giza liingie.

Fundi, umeandika la pili? Lipigie mstari, kwa sababu nililivunja mimi mwenyewe, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Ni miaka kumi na saba. Siku hiyo tulikuwa tumetembelewa na mtu wa gazeti, na mimi nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri, nataka tuonekane watu. Aliyekuwa anasoma ni yule mwosha vyombo wa hoteli ya pembeni, mwanamke mwembamba mwenye kigugumizi, alikuwa amekaa benchi la nyuma miezi minane akisikiliza wenzake kabla hajathubutu kuandika jina lake ubaoni. Akasimama. Neno la kwanza likamchukua muda, la pili zaidi. Alikuwa na ukurasa mmoja tu. Nikaona mtu wa gazeti anatazama saa yake. Nikaona watu wanakohoa bila kikohozi. Nami nikainuka, nikamshika bega kwa upole, upole mtupu, nikachukua ile karatasi mkononi mwake, nikasema, "Pumzika mama, ngoja nikusaidie."

Nikaisoma vizuri. Sitawadanganya, niliisoma vizuri sana. Watu wakapiga makofi, mtu wa gazeti akaandika kwamba mama wa chumba kile ana moyo wa dhahabu, na nyinyi mkakata kile kipande mkakibandika pale ngazini ambapo kipo hadi leo. Yule mama alikaa mikono mapajani, hakunitazama. Nilipomrudishia karatasi yake aliikunja mara nne, akatoka, na nafasi yake kwenye benchi la nyuma ikabaki tupu wiki iliyofuata na zote za baadaye.

Nilimfuata hotelini, nikaambiwa ameacha kazi. Nilikuja kukutana naye mwaka mzima baadaye, kituo cha basi, nikamwomba radhi kwa maneno mengi kama kawaida yangu. Akanijibu, na jibu lilimchukua muda, na safari hii nilisubiri. Akasema, "Mama, ulisoma vizuri. Lakini mimi nilikuja kusoma." Basi lake likaja, akapanda. Sikumwona tena. Nimeona aibu kila Jumamosi tangu siku hiyo, na bado nikawa nakaa kwenye kiti cha mbele nikisifiwa.

Na hilo silo zito kuliko yote. Wa kati, nitazame. Siku ile jina lililokuwa linafuata ubaoni lilikuwa lako.

Usiangalie chini. Ulikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, una kigugumizi kama yule mama, na ulikuwa umeandika jina lako kwa herufi ndogo kule chini kabisa, ukidhani sijaliona. Nilipomaliza kusoma na watu wanapiga makofi, nilikuona unainuka, unakwenda ubaoni, unalifuta kwa kiganja. Niliona, baba. Nikajifanya sikuona, kwa sababu kukuuliza kungenilazimu nijiulize mwenyewe. Tangu hapo wewe ndiye unayepanga mabenchi, unayepitisha sumaku, unayewafungulia wageni mlango na kuwakaribisha kwa kutikisa kichwa, na hakuna aliyewahi kusikia uliloandika. Nisamehe. Nakuomba mbele ya ndugu zako na mbele ya fundi, na akiandike hiki pia.

Nipeni maji. Kidogo. Inatosha.

Chumba cha chini, na ufunguo huu, na ubao, na mabenchi, na Jumamosi zote, nampa wa kati. Mkubwa, nimekusikia ukiguna. Unajiuliza ni mwenyeji gani huyo atakayeshindwa hata kuwaambia wageni karibuni. Watasubiri aseme. Waliokuja pale wamesubiri mambo makubwa kuliko hilo. Na wewe kitindamimba, najua ulitaka tuchague wanaosoma vizuri tu, tuwarekodi, tuwe na jina. Una akili, mama, na ungekifanya kijae. Lakini ungekuwa mimi wa siku ile, kila Jumamosi, na ungesifiwa. Ndiyo maana sikupi. Msaidie kaka yako kwa mikono, kwa mdomo usimsaidie.

Nikiondoka, nizikeni siku yoyote isiyokuwa Jumamosi. Kile kipande cha gazeti cha ngazini kibanduliwe leo. Kiti changu cha mbele akae mgeni yeyote aliyechoka. Mkimwona yule mama, mpelekeeni salamu, mwambieni zamu yake haijapita. Mungu awaweke pamoja, awape riziki ya halali na usingizi mzuri, na asiwanyime mtu wa kuwasikiliza. Mkubwa, nimekubariki pia, usininunie, njoo unishike mkono. Mkono wako una joto. Wangu... haya.

Nawasikia huko chini. Wameanza kuja, wanagonga lile kufuli jipya. Wacha wasimame kidogo.

Wa kati. Sijakupa bado, nakuuliza. Ukikataa sitakulaumu, kaka yako atampa yule wa simu, na itakuwa imekwisha. Utakipokea? Usitikise kichwa. Kichwa chako nimekiona miaka kumi na saba. Nataka kwa mdomo, uniambie kama ulivyotaka kuniambia.

Kitindamimba, nyamaza, nimekuona umeshafungua mdomo. Asimmalizie mtu. Mkubwa... achana na dirisha.

Haya. Umeanza, nakusikia. Hapana, usiombe radhi, rudi pale ulipofika. Macho nimeyafumba tu... yananichosha... masikio yapo. Endelea, mwanangu. Sina haraka.