Athanasi Mbonimpa, Engozi na Barabara ya Nkwenda

Athanasi Mbonimpa alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 Kiruruma, mtoto wa tatu wa wazazi waliotoka Burundi kufanya vibarua vya kahawa, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1949, kisha akahamia kijijini hapa, akalima migomba na maharage.

Tarehe 6 Juni 1959 alifunga ndoa na Anonciata, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza Mukashema.

Novemba 1978, magari yalipochukuliwa kwenda vitani, majirani walimchagua kuongoza engozi, chama cha kubeba wagonjwa kwa machela hadi Nkwenda, mwendo wa saa nne, barabara ilikoishia.

Agosti 1985 halmashauri ya wilaya ilitenga fungu la kazi moja tu, tuchague barabara au zahanati, na Bwana Abdulghani, mwenye duka Nkwenda, akasimama mkutanoni akamwambia Mzee Athanasi, aliyetaka zahanati, kwamba dawa haina miguu, naye akajibu kwamba mabega yanayouma si ya mwenye duka, watu wakacheka, zahanati ikapita.

Ilifunguliwa Februari 1987, ikapata mkunga na vitanda viwili, lakini dawa zilikuwa zikishushwa Nkwenda na kungoja wachukuzi, na tarehe 22 Aprili, mvua zikiwa zimekata njia, Mukashema alijifungua pale salama, akaanza kuvuja damu, sindano ya kuizuia ikiwa bado Nkwenda, akafariki juu ya machela ya engozi njiani kwenda huko, baba yake akiwa mbebaji wa mbele.

Baada ya matanga alikwenda dukani kwa Abdulghani, akamwambia mbele ya wateja kwamba yeye ndiye aliyekosea, na tangu hapo kila Alhamisi aliongoza msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuchimba barabara, miaka minne, hadi halmashauri ilipoleta makalavati na greda Julai 1991. Mwaka uliofuata gari la dawa lilifika zahanati, na wanunuzi wa maharage wakaanza kuja wenyewe.

Januari 1996 aligundulika ana saratani ya ini, akafariki tarehe 3 Septemba katika hospitali ya wilaya, akiacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa, akiwemo Kemilembe, aliyezaliwa siku ile mama yake Mukashema alipofariki, sasa yuko darasa la pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mkunga wetu, majirani, wanachama wa engozi, na Bwana Abdulghani aliyetoa gari.

Gari hilo lilimfikisha jana saa nane na robo mchana, likasimama mlangoni kwake, engozi ikambeba hatua kumi na moja hadi ndani.

Kwa amani, Baba Mukashema, pumzika.