Ng'ombe wa Zéphyrin, Shamba la Mucyo

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mbali kama zamani, ilipovuka darasa zima huku mvua ikipiga mabati. Uwamahoro, binti yangu, niinulie mto kidogo. Mucyo, zima simu. Zéphyrin, mkwe wangu, asante kwa kutoka Buleusa kwa barabara ile mbaya. Wapo walioniambia hutakuja, mimi nikawajibu kwamba hawakujui. Mimi mwalimu wenu Dusabimana ninaondoka, na kabla sijaondoka nataka kuiweka nyumba yangu sawa. Mnajua kilichoivuruga. Si vita, tena si ugonjwa wangu. Ni kongre ya chama.

Mlipanda ndege moja kwenda Kinshasa, Mucyo kwa niaba ya wanachama wa Masisi, Zéphyrin kwa niaba ya wale wa Walikale, mkapeana hata mkate njiani. Mkarudi kila mtu na ndege yake. Mlikwenda kumchagua mgombea wa urais. Mucyo alimtaka mzee Karekezi, aliyekilea chama tangu kilipokuwa kinakutana chini ya turubai. Zéphyrin alimtaka Daktari Valérie, mama aliyesoma na kufanya kazi nchi za mbali, aliyeingia chamani juzi tu kwa sababu watu wanampenda. Zéphyrin, usinikasirikie nikikwambia ukweli: ningekuwa na kura, ningempa Karekezi. Aliyelima ndiye wa kwanza kuulizwa habari ya mavuno, hivyo ndivyo nilivyoona. Kwa hiyo Mucyo asidhani leo ninamsema kwa kuwa alisimama upande usio wangu. Alisimama upande wangu, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Niliona yote kwenye video. Ilifika hapa Burungu kabla yenu, nikaonyeshwa pale tunapokusanyia maziwa. Nilimwona mzee mmoja wa kundi la Karekezi akilia kwa hasira, "Tunabeba hii chama ku kichwa tangu iko mutoto, leo munatuletea mama mwenye haiko hata na karte ya chama?" Na kijana mmoja wa Walikale akamjibu, "Papa, chama iko mugonjwa. Docteur amefika, njo wewe unamuuliza karte?" Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, na wauza maziwa wakacheka pamoja nami. Kama mambo yangeishia hapo, leo tungekuwa tunataniana.

Kisha wewe, Mucyo, ukachukua kipaza sauti. Ulikuwa umevaa koti nililokununulia ulipomaliza shule. Ukasema, "Mama Docteur, mbele ya kutuomba inchi, tuonyeshe kwanza kaburi ya nkambo yako. Iko wapi?" Kaburi la babu yake! Watu wakakupigia makofi. Yule mama alifungua kinywa, lakini Zéphyrin alikuwa amekwisha kusimama, akapiga kelele, "Na ya kwako, shemeji? Kaburi ya nkambo yako iko wapi?"

Wajumbe wa mikoa mingine waliona ni majibizano ya kisiasa, wakaendelea kunywa soda zao. Lakini pale kwenye maziwa hapakuwa na mtu aliyecheka. Mwenye simu aliizima mwenyewe, akanirudishia fimbo yangu, na sote tukaenda nyumbani bila kuagana.

Mucyo, mwanangu, swali lile hukulizua wewe. Ulilisikia ukiwa mgongoni mwangu, labda ndiyo maana lilikutoka haraka hivyo. Tulikuwa tumeikimbia Burungu kwa sababu ya vita, mama yenu Nyiransengimana amebeba sufuria, mimi nimekubeba wewe, tukaingia Walikale tukiwa na njaa. Karibu na Mpofi vijana walikuwa wameweka kizuizi, wana mapanga. Hawakuniuliza jina wala kazi. Waliniuliza, "Kaburi ya nkambo yako iko wapi?" Aliyeshindwa kuonyesha kaburi la babu yake katika nchi ile alihesabiwa mgeni, akapelekwa nyuma ya nyumba asirudi. Ndipo akaja Papa Michel, baba yake Zéphyrin, anatoka shambani na jembe begani. Alikuwa hanijui. Aliwaambia wale vijana, "Ya nkambo yake siijue. Ya kwake yeye itakuwa kwangu, ku shamba yangu. Sasa mumeishajua, mumuache apite." Akanishika mkono, akatupitisha. Akatupa na kipande cha shamba pale Buleusa, tukala humo mpaka tulipoweza kurudi kwenye ng'ombe.

Kwa hiyo swali lile, Mucyo, usimwulize mtu yeyote, awe mgombea, awe adui. Unaweza kumwambia Daktari Valérie kwamba hajui chama, kwamba amekuja amekuta meza imeandaliwa. Hayo ni maneno ya kongre. Lile lingine linaua watu. Na wewe, Zéphyrin, mtoto wa yule aliyeninyamazishia swali hilo, umewezaje kumrudishia mwanangu mbele ya watu wote? Najua, alikuchokoza. Hata hivyo, kinywa kile ni cha Papa Michel.

Daktari alishinda, Karekezi akatoka na watu wake, na sasa chama kina makao mawili na mihuri miwili. Wataelewana, msiwaonee huruma. Kabla ya kura watakuwa wameketi pamoja kwenye viti vizuri. Ni sisi tusioelewana. Uwamahoro amejifungua, na Mucyo hajamwona mpwa wake. Mkikaa hivi nikishafika kaburini, hakuna atakayewaunganisha, na siku barabara itakapofungwa tena, mmoja wenu atasimamishwa kwenye kizuizi cha watu wa mwenzake, na hapatakuwa na wa kusema, "Huyu ni wangu."

Watoto waliopigana darasani mwangu sikuwachapa. Niliwakalisha benchi moja na kitabu kimoja, hakuna kufungua ukurasa mpaka mwenzake amalize. Walinuna asubuhi nzima. Kufika mchana walikuwa wanasahihishana. Basi sikilizeni ninavyogawa.

Zéphyrin, ng'ombe wawili ni wako, yule mwekundu na ndama wake jike. Usiseme kwamba msituni hakuna malisho, najua. Watabaki kwenye kilima cha Mucyo, atawachunga yeye. Lakini kwetu anayepewa ng'ombe hurudi kushukuru, analeta kasiksi, pombe ya ndizi, nyumbani kwa aliyempa. Mimi sitakuwepo, kwa hiyo utaileta kwa Mucyo, na Mucyo ataipokea kwa mikono miwili na kuinywa, asimpe jirani. Mucyo, ng'ombe waliobaki ni wako na Uwamahoro, mtagawana wenyewe, mnajuana. Lakini lile shamba la Buleusa ni lako peke yako. Usinitazame hivyo. Ndiyo, kule wewe ndiye mgeni. Utakwenda na kuku, utabisha kwa Zéphyrin, utaomba uonyeshwe mipaka kama nilivyoonyeshwa mimi, na kila mavuno utampelekea ya kwanza. Asiyetaka sharti hili aache fungu lake, lakini asiguse la mwenzake.

Mnizike hapa, kando ya mama yenu. Papa Michel atanisamehe. Nilimwambia kabla hajafa, akacheka. Watu wa chama wakija na bendera, yoyote kati ya zile mbili, wapeni chai, bendera zibaki nje.

Maji, Uwamahoro. Kidogo tu. Inatosha.

Mungu aliyenitoa Mpofi awatoe na ninyi. Awape watoto wanaobishana na kula pamoja. Mvua isiwapite... ng'ombe wasikose... Nimesahau linalofuata. Mungu analijua.

Zéphyrin, tangu umefika umesimama mlangoni. Nasikia unavyohamisha mguu. Unangoja kukaribishwa, na hiyo ni adabu, baba yako alikulea vizuri. Ila mimi si mwenye nyumba tena. Mwenye nyumba ni Mucyo.

Mucyo. Mkaribishe shemeji yako.

Hapana, Uwamahoro, usimsaidie. Mwache. Ana kinywa... tulikiona kwenye video.

Nangoja, mwanangu. Sina haraka sana... ila kidogo ninayo.

Eeh. Sema tena, kwa sauti. Hajasikia.

Ndiyo. Sasa msogezee kiti.