Kunegunda Leodegari Mbawala na Kitabu Kilichotoka kwa Jina la Mtu Mwingine

Jumatano tarehe 3 Machi 1965 mvua ilinyesha Maposeni tangu alfajiri bila kupumzika, na njia ya kwenda Peramiho ikakatika mahali pawili. Siku hiyo, saa nne asubuhi, Kunegunda alizaliwa, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Leodegari Mbawala na Mama Rosemary. Baba yake alikwenda kwa miguu katika matope hayo kumuuliza padre jina la kumpa mtoto. Padre alifungua kalenda, akakuta ni sikukuu ya Mtakatifu Kunegunda, na shauri likaishia hapo. Marehemu alipokuwa mtu mzima alikuwa akisema, "Ningechelewa siku moja tu, leo mngeniita Kasimira." Tangu utotoni alitaka kujua kila mtu anaitwa nani, nani alimpa jina hilo, na kwa sababu gani.

Alisoma Shule ya Msingi Maposeni kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne, mwaka 1983. Bwenini aliwaandikia wenzake barua za nyumbani. Mzazi mmoja wa Lusewa alimjibu binti yake hivi: "Barua imefika, tumefurahi sana. Mwambie aliyeiandika kwamba sisi nasi hatujambo."

Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Msimu wa ununuzi ulipofika alipelekwa Lusewa, akalala katika nyumba za wakulima, akala nao na kusikiliza habari zao. Ndiko alikoanza kuandika majina ya watu na sababu zake katika kaunta buku. Chama kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1994, alifungua chumba cha kupiga chapa hapa Lizaboni. Wengi mliopo leo mlifika pale mkiwa na msiba, mkatoka na ratiba ya mazishi na wasifu wa mtu wenu. Kabla hajagusa mashine alikuwa na swali moja: "Aliitwa hivyo kwa nini?" Wengine walijibu pale pale. Wengine walirudi nyumbani kuwauliza bibi zao. Naye aliandika yote, kwa tarehe, mahali na jina la aliyemweleza. Kwa miaka ishirini alijaza kaunta buku kumi na moja.

Tarehe 27 Juni 1987 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Ignas Tawete, fundi seremala. Mungu aliwajalia watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mchanga. Ndugu Ignas alimtengenezea kabati la kufungwa kwa kufuli, akawa akiwatania wageni: "Mimi hapa ni mke mwenza. Mke mkubwa ni hayo madaftari." Hata hivyo ni yeye aliyeyapaka mafuta ya taa makabati yote ya nyumba ili mchwa wasiyafikie.

Mwaka 2014 marehemu alipiga chapa kitabu chake kizima, kurasa 188, akakiita Majina Yetu na Sababu Zake. Alikipeleka kwa wachapishaji wawili. Wa kwanza alijibu kwamba majina ya huko kwenu hayana soko. Wa pili bado hajajibu. Marehemu akaamua kukitoa mwenyewe. Ili kitabu kipate uzito aliambiwa atafute mtu mwenye jina amwandikie dibaji, na Machi 2015 alimpelekea mswada Mwalimu Egidi wa Maposeni, ambaye alikuwa ameshika cheo katika idara ya elimu na alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Familia iliombwa na watu wawili wazito kufupisha sehemu inayofuata. Marehemu alitaka iandikwe kama ilivyokuwa, na ndivyo ilivyoandikwa.

Mwalimu Egidi alikaa na mswada ule miezi kumi na minne. Kila marehemu alipokwenda kuuliza aliambiwa, "Dada Kune, kitabu kizuri hakisomwi kwa haraka." Mei 2016 kitabu kilitoka. Kiliitwa Hazina ya Majina ya Ruvuma, na jalada lilikuwa na picha ya Mwalimu Egidi akiwa na suti. Ndani zilikuwa kurasa zile zile, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. Katika ukurasa wa shukrani aliandika: "Namshukuru mpiga chapa wangu, Bi. Kunegunda, kwa uvumilivu."

Marehemu alinunua nakala moja. Alikaa nayo siku tisa, akaisoma kwa rula, mstari kwa mstari, akilinganisha na mswada wake. Hakulia, wala hakwenda kwa Mwalimu kupiga kelele. Mume wake alipomuuliza atafanya nini, alijibu, "Nitachapisha kitabu changu."

Alikichapisha mwaka 2018, nakala mia mbili, Dar es Salaam, akazisindikiza mwenyewe kwa basi hadi Songea. Walipofungua maboksi waliona kurasa za 33 hadi 48 zimebandikwa kichwa chini katika nakala zote. Yeye na Ndugu Ignas walizibandua na kuzigeuza moja moja kwa gundi ya mbao, kazi ya wiki tatu. Kisha akaanza kuzitembeza: mlangoni mwa kanisa baada ya misa, stendi, saluni, kwenye maonyesho ya Nane Nane. Watu walipokea kitabu, wakakigeuza, wakamrudishia. "Hiki tunacho, Mama Mariana. Si kile cha Mwalimu?" Mwingine alisema mbele yake, bila kushusha sauti, "Siku hizi hata wapiga chapa wanaiga." Mtu aliyekaa miaka ishirini akiuliza jina la kila marehemu wa mji huu, sasa akaitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe. Hilo ndilo lililomkaa moyoni, na halikutoka.

Alirudi kwenye nakala ya Mwalimu, akaisoma tena. Ukurasa wa 61 ndipo alipopata alichokuwa akikitafuta.

Ukurasa ule unaeleza jina la Sikujua, binti aliyezaliwa Lusewa mwaka 1991. Marehemu aliandika alivyoona kwa macho yake, na Mwalimu Egidi akanakili bila kusoma: "Nilikuwepo chumbani. Bibi mkunga alinipa taa nishike, na kwa mkono wa pili nikamshika mzazi mgongoni. Mtoto alipotoka mama yake alisema, 'Sikujua kama nitazaa tena,' likawa jina. Wanaume wote walikuwa nje wakisubiri kuitwa."

Kila mtu aliyelelewa huku anajua kwamba mwanamume haingii chumba cha mzazi, na hata baba wa mtoto husubiri uani. Mwalimu Egidi alikuwa ametia saini kwamba yeye aliingia, tena akashika taa. Marehemu alifunga uzi mwekundu kwenye ukurasa ule, akakiweka kitabu kabatini, akangoja. Alingoja miezi saba.

Jumanne tarehe 16 Julai 2019, baridi ikiwa kali na ukungu haujaondoka mashambani, Maposeni walikuwa wakimzika baba mkubwa wa Mwalimu Egidi. Kwa kuwa ni yeye aliyekuwa msemaji wa familia, Mwalimu aliweka nakala za kitabu chake juu ya meza, kando ya kitabu cha rambirambi. Marehemu wetu naye alifika mapema. Alikuwa amemleta Bibi Mwanaisha, mkunga wa zamani wa Lusewa, wakaketi upande wa akina mama. Nyuma yao alisimama Makarius, muuza viazi wa Lizaboni, Mbena wa Njombe. Wabena ni watani wetu Wangoni, na mtani msibani hakemewi, hata akijilaza kaburini kudai kitoweo. Makarius alikuwa ameshaahidiwa jogoo na Kunegunda.

Mwalimu alipomaliza kusema, Makarius alikwenda mezani, akachukua kitabu kimoja, akakiinua.

"Wangoni, nyie mna bahati ya ajabu," alisema. "Sisi kwetu mtu akishika mimba tunahangaika kutafuta mkunga. Nyie mkunga mnaye, kasoma, na suti anayo."

Watu wakaanza kutazamana. Akasoma ukurasa wa 61 taratibu, hadi pale wanaume waliposubiri nje. Kisha akamgeukia Mwalimu, akainama.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mtani wako, naomba elimu. Kanga ya kuingilia uliazima kwa nani?"

"Marahaba. Makarius, hapa ni msibani."

"Ndiyo maana nauliza sasa. Wewe ukifa nitamuuliza nani?"

Cheko likaanzia upande wa vijana. Bibi Mwanaisha akasimama kwa msaada wa fimbo yake. "Mtoto yule nilimpokea mimi," alisema. "Wallahi, mwanamume hakuingia. Taa alishika huyu hapa, Kunegunda."

Mwalimu Egidi alifuta miwani, akasema neno ambalo baadaye angelimeza kama angeweza. "Hayo ni makosa ya mpiga chapa."

"Mpiga chapa wako ni nani, Mwalimu?" Makarius akafungua ukurasa wa shukrani, akasoma jina, akakifunga kitabu. Uwanja mzima ukacheka, wafiwa pamoja na wachimba makaburi. Marehemu hakucheka. Alifungua daftari lake la mkoba, akaandika saa.

Tangu siku ile Mwalimu Egidi anaitwa Mkunga. Watoto wa Maposeni wanamwita hivyo, makondakta wanamwita hivyo. Nakala za marehemu zilizokuwa zimekaa sebuleni ziliisha kabla ya Krismasi. Mwanamke mmoja wa Lusewa alipolipata jina la baba yake ndani alisema, "Ni yeye kabisa. Umemwandika hadi ubahili wake."

Mwaka 2020 Mwalimu alituma wazee wawili. Alikuwa tayari kutangaza kwamba kitabu waliandika kwa kushirikiana. Marehemu aliwapikia wazee wale wali na kuku, wakala wakashiba, ndipo akawajibu. Alitaka jambo moja tu: Mwalimu abandike juu ya kila nakala iliyobaki kikaratasi chenye jina la mwandishi wa kweli, kwa mkono wake mwenyewe, mlangoni mwa kanisa, watu wakitoka misa ya pili. Vikaratasi alikuwa ameshavikata na kuvitia katika bahasha, mia nne na kumi na viwili. Wazee waliondoka na bahasha hiyo. Mwalimu aliirudisha bila kuifungua. Padre alipomshauri marehemu asamehe, alijibu kwa heshima, "Padre, dhambi yake nimeisamehe. Kitabu bado sijakisamehe."

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2017. Agosti 2025 figo zake zilidhoofika, akalazwa mara tatu, na Januari aliomba kurudi nyumbani. Alitumia nguvu iliyobaki kutayarisha toleo la pili la kitabu chake. Aliandaa pia ratiba hii mliyoishika, akiacha wazi tarehe tu. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa kumi na moja jioni, mikononi mwa mume wake na binti yao Mariana, akiwa na umri wa miaka 60, miezi 11 na siku 6.

Ameacha mume, Ndugu Ignas Tawete, watoto watatu, Mariana, Otto na Lightness, wajukuu watano, na ndugu wanne wa kuzaliwa naye. Ameacha kaunta buku kumi na tatu. Bwana aliyempa uhai na ampe sasa pumziko lake, na mtu yeyote asimwamshe kwa maneno ya kupatanisha.

Alituagiza tumalizie hapa.

Jumamosi tarehe 24 Januari 2026 Mwalimu Egidi alifika nyumbani Lizaboni akiwa na kreti ya soda na mikate miwili. Ndugu Ignas alimkaribisha ndani. Marehemu alikuwa kitandani.

"Dada Kune," alisema Mwalimu, "tumezeeka. Tusameheane."

"Umekuja na gundi?"

"Nimekuja na moyo wangu."

"Moyo haubandiki karatasi, Mwalimu. Kunywa soda yako, safari ya Maposeni ni ndefu."

Mwalimu alichukua soda, akaizungusha mkononi. "Basi hata salamu mazishini mtaninyima?"

"Nafasi yako nimeiweka," alisema marehemu. "Utakaa mbele, usikie vizuri."

Alikwenda zake, na leo ameketi pale alipowekewa kiti.

Asubuhi yake, Jumapili, marehemu hakuweza kwenda misa. Alimwambia Lightness amwekee mto mgongoni na kompyuta mapajani. Alifungua toleo la pili, ambalo litatoka baada ya arobaini, akashuka hadi herufi M, kati ya Mashaka na Mtazama, akaandika kwa vidole viwili:

"MKUNGA. Jina la utani. Alipewa Mwalimu Egidi, Maposeni, tarehe 16 Julai 2019, na mtani wake Makarius, kwa kuwa alijiandika kushika taa mahali ambapo mwanamume haingii, katika kitabu ambacho hakukiandika. Yu hai. Akiitwa haitiki, lakini hugeuka."

Alisoma mara mbili, akarekebisha nukta moja, akahifadhi. Kisha akaomba uji, akaumaliza wote.