Mtumbwi Mkavu wa Newala

Mtumbwi wa gome la mti umelazwa barabarani mbele ya benchi la kahawa la Alfani Tarumbeta, pale Newala, na wapita njia wanauzunguka wakicheka. Wasicheke kwa nini? Huku juu hakuna mto wala bwawa. Maji huletwa na akina mama kutoka bondeni, madebe kichwani. Mwenye mtumbwi ni Nikolao, mzaliwa wa kando ya Ruvuma, aliyepanda huku kwa kuoa akahamia ukweni, kama ilivyo desturi. Hadithi zake za mto zilikuwa kichekesho cha benchi zima, wakambandika jina la Nahodha. Naye akaapa: kiangazi hiki rafiki zake wawili, Alfani na Gervas, watalala naye kwenye mchanga wa Ruvuma, wavue, wale samaki wa kuchoma papo hapo, wapaone alipozaliwa. Wakakubali. Unga umefungwa, ndoana zimefungwa. Leo ndiyo safari, na leo ndiyo maneno yameanza.

— Nahodha, mimi sikatai, alisema Alfani, akimimina kahawa. Ila huu mti umeota wapi?

— Shambani kwa mke wangu. Si uliniona nikiuchuna?

— Basi hapo ndipo penye balaa. Mti wa huku juu umezaliwa na kiu, umekua na kiu. Leo uuweke katikati ya mto! Utakunywa, baba. Utakunywa na sisi tumo ndani.

— Tangu lini gome likanywa maji?

— Halijapata nafasi!

Benchi likaangua kicheko. Gervas, waliyemwita Bwana Shauri kama mzungu wa boma kwa kuwa alipata kufagia ofisi zake, akatua kikombe chake.

— Hilo la kiu ni dogo. Mimi naogopa sheria. Ng'ambo ya mto ni kwa Mreno. Mtumbwi ukipinda kidogo tu, mbele kuko kwa Malkia wa Uingereza, nyuma kuko kwa Mreno. Nami nimekaa nyuma. Nikikamatwa?

— Kaa mbele basi.

— Na samaki akija nyuma, atavutwa na nani? Unataka kutuletea vita ya dunia kwa kambale mmoja?

— Na viboko je? akadakia Alfani. Kiboko wa kwa Mreno hajui Kiswahili. Utamwambiaje apishe?

Nikolao hakucheka. Aliona wanakoelekea: jua lipande, kahawa iishe, safari ife hapo hapo benchini. Na ikifa leo, hatakuwa na uso wa kuitaja Ruvuma tena hapa.

— Semeni, mnataka niwaoneshe nini ndipo tuondoke?

Wakatazamana.

— Tuujaribu, alisema Gervas. Tuujaze maji hapa hapa. Usipovuja, twende. Sheria ndiyo hiyo.

— Maji gani?

— Ya... ya akina mama.

Mara akatokea Dominika, mke wa Nikolao, akipanda kutoka bondeni na debe kichwani, kanga imemlowa mabegani.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, Mama Julia, alisema Alfani, adabu imemjia ghafla. Shemeji, tuazime hilo debe. Na mengine kadhaa. Tunataka kuujaribu mtumbwi kabla ya kwenda mtoni.

Dominika hakulitua debe.

— Mnakwenda mtoni?

— Naam.

— Na huko mtoni hakuna maji?

Bwana Shauri akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Dominika akashika njia yake ya nyumbani.

Nikolao akainama, akatia bega chini ya mtumbwi, akainua upande wa mbele. Aliyebeba mbele hawezi kugeuka kutazama nyuma. Lakini moyoni alikwisha kata shauri: wasipokuja, ataukokota peke yake mpaka Ruvuma. Akapiga hatua, upande wa nyuma ukakwaruza barabara. Akapiga nyingine, ukakwaruza. Kisha mkwaruzo ukakatika, na bega likawa jepesi.

— Taratibu basi, bwana! ilisema sauti ya Gervas nyuma yake. Ngoja Alfani azime moto.